Gesi Haba: Historia ya Kupima Hewa ya Juu kwa Maputo na Tatizo la Majina Yake

Tuliwahi kuletewa rasimu ya tafsiri ya kitabu kimoja cha sayansi cha shule za sekondari ili tuipitie kabla haijapelekwa kwa mpiga chapa. Kazi ilikuwa safi kwa jumla. Lakini katika sura iliyohusu anga za juu tulikutana na maneno yaliyotusimamisha: mwandishi alitaja "gesi za nyayo". Ilitubidi turudi kwenye maandishi ya asili ndipo tufahamu kwamba alikusudia zile gesi ambazo zimo hewani kwa kiasi kidogo mno. Neno la kigeni lililotumika huko lina maana ya alama iliyoachwa na mnyama apitapo njiani, na pia lina maana ya kiasi kidogo kisichopimika kwa urahisi. Mfasiri alishika maana ya kwanza na kuiacha ya pili.

Hatukumlaumu. Kamusi aliyokuwa nayo ilimpa neno, haikumpa historia ya kitu chenyewe. Nasi tunaamini kwamba katika taaluma za namna hii mtu hawezi kuchagua istilahi iliyo barabara mpaka ajue wataalamu walikipataje kile wanachokitaja, kwa chombo gani, na walikosea wapi. Ndiyo sababu katika makala haya tutasimulia habari za upimaji wa gesi hizo kwa kutumia maputo, na kila tutakapofika penye jina tutasimama kidogo.

Tuanze na kiasi chenyewe. Hewa kavu tuivutayo ni nitrojeni kwa sehemu 78 katika 100, oksijeni sehemu 21, na argoni karibu sehemu 1. Hizo tatu zikijumlishwa, kinachosalia hakifiki hata sehemu moja katika elfu. Humo katika mabaki hayo ndimo ilimo kaboni dayoksaidi, ambayo sasa imepita sehemu 420 katika milioni; ndimo ilimo methani, karibu sehemu 2 katika milioni; ndimo ilimo ozoni, na ndimo zilimo gesi zilizotengenezwa viwandani ambazo huhesabiwa kwa sehemu katika bilioni na hata chini ya hapo. Mvuke wa maji tumeuacha nje ya hesabu hii kwa kuwa hapa chini hubadilika sana. Huko juu, kama tutakavyoona, nao huingia katika kundi la wachache.

Baadhi ya waandishi wamependekeza kuziita gesi hizi "gesi adimu". Pendekezo hilo linavutia, lakini jina hilo tayari lina mwenyewe: katika kemia hutumika kwa heliamu, neoni, argoni na ndugu zao ambazo hazipendi kuungana na elementi nyingine. Argoni, kama tulivyokwisha kusema, ni ya tatu kwa wingi hewani. Tukiita gesi chache kwa jina hilo hilo, mwanafunzi ataisoma argoni kuwa adimu katika ukurasa mmoja na kuwa nyingi katika ukurasa wa pili. Kwa hiyo sisi tumeona heri kusema "gesi haba". Neno haba linaeleweka kuanzia Lamu hadi Kigoma, lataja uchache wa kiasi bila kutaja tabia, na halijachukuliwa na somo jingine.

Miongoni mwa watu wa mwanzo kupanda na puto kwa kusudi la kuchota hewa ya juu na kuichungua maabarani alikuwamo Mfaransa, Joseph Louis Gay-Lussac. Tarehe 16 Septemba 1804 alipaa peke yake kutoka Paris hadi kimo cha mita 7,000 na ushei, akiwa amechukua vyombo vya kioo vilivyokwisha kutolewa hewa yote. Huko juu alivifungua, hewa ikaingia, akavifunga tena. Aliporudi alilinganisha hewa hiyo na ile ya Paris, asione tofauti yoyote katika kiasi cha oksijeni. Hitimisho lake lilikuwa sahihi kwa gesi kubwa: pepo huzikoroga barabara hata mgawanyo wake hubaki ule ule mpaka kimo cha kilomita zipatazo 100. Lakini njia zake za kemia hazikuweza kuona kilicho kidogo kuliko hapo. Gesi haba zilikuwamo chupani mwake, naye hakuwa na jicho la kuzionea.

Baada yake wengi walipaa, na wengine hawakurudi wazima. Mwaka 1875 Wafaransa watatu walipaa na puto lililoitwa Zénith. Mmoja tu, Gaston Tissandier, ndiye aliyeshuka akiwa hai, na wenziwe wawili, Crocé-Spinelli na Sivel, walikufa kwa kukosa oksijeni. Mwaka 1901 Wajerumani wawili, Arthur Berson na Reinhard Süring, walifika mita 10,800 katika kikapu kilichokuwa wazi, wote wawili wakazimia njiani, na wakapona. Ilikuwa dhahiri kwamba binadamu asingeweza kuendelea hivyo. Hapana budi chombo kipande peke yake.

Hapa ndipo linapoanza puto lisilo na mtu. Mfaransa Léon Teisserenc de Bort, akitumia mali yake mwenyewe, alijenga kituo huko Trappes karibu na Paris, akawa anarusha maputo ya karatasi yaliyobeba vipimajoto na vipimahewa vinavyojiandikia. Redio ya kuleta habari chini haikuwapo bado. Vyombo vya kwanza vya aina hiyo vilirushwa Ufaransa mwaka 1929 na Urusi mwaka 1930. Kabla ya hapo ilibidi chombo chenyewe kianguke, kiokotwe na mtu wa shambani, na kirudishwe kwa mwenyewe. Kwa hiyo kilifungiwa kijikaratasi chenye kuahidi zawadi. Sayansi ya anga za juu kwa miaka mingi ilitegemea uaminifu wa wakulima.

Teisserenc de Bort aliona jambo la ajabu. Joto lilipungua kadiri puto lilivyopanda, kama ilivyotarajiwa, lakini kufikia kilomita 11 hivi liliacha kupungua. Alidhani ni kosa la chombo kuchomwa na jua, akarusha mengine usiku. Matokeo yakawa yale yale. Baada ya kurusha maputo 236, tarehe 28 Aprili 1902 aliitangazia Akademia ya Sayansi ya Ufaransa kwamba juu ya kimo hicho kuna tabaka la namna nyingine. Siku tatu baadaye Mjerumani Richard Assmann, ambaye alikuwa akitumia maputo ya mpira yenye kupanuka na kupasuka, alitangaza jambo hilo hilo mjini Berlin.

Miaka michache baadaye Teisserenc de Bort ndiye aliyetoa majina tunayoyatumia hadi leo. Tabaka la chini aliliita troposfia, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kugeuka, kwa kuwa hewa yake hupinduka-pinduka. La juu aliliita stratosfia, kutokana na neno la Kilatini la kitu kilichotandazwa, kwa kuwa alifikiri hewa yake imelala tabaka juu ya tabaka bila kuchanganyika.

Wasomaji wetu watakumbuka kwamba kumekuwapo na maoni ya kutafsiri majina haya kwa maana, na "tabaka tulivu" ni moja ya majina yaliyopendekezwa kwa stratosfia. Tunalipinga, na sababu yetu ni ya kihistoria. Dhana ya utulivu iliyomo katika jina la asili ilikuwa nusu kweli. Ni kweli hewa ya huko haipindukipinduki kama ya chini, lakini haikulala. Husafiri polepole kutoka ikweta kwenda kwenye ncha za dunia, na isingesafiri hivyo, habari zote za ozoni zingekuwa nyingine. Wageni wamelizoea jina hata hawasikii tena maana yake ya Kilatini, na kwa hiyo kosa lake haliwadhuru. Sisi tukilitafsiri leo tutalifufua kosa hilo, na kila mtoto wa shule atalisikia. Tukope "stratosfia", tuiandike kwa tahajia yetu, basi.

Sasa tufike kwetu. Mwaka 1908 kituo cha Lindenberg, kilichokuwa chini ya huyo Assmann, kiliwatuma Arthur Berson, yule yule aliyezimia mwaka 1901, na mwenziwe Hermann Elias kuja Afrika Mashariki. Walirusha vyombo vyao juu ya Ziwa Victoria na pwani. Walilokuja kulitafuta ni hali ya anga ya ikweta, kwa maana hadi wakati huo karibu kila kilichojulikana kilitoka Ulaya.

Waliyoyapata yalikuwa mawili. La kwanza lilihusu upepo. Mlima Krakatau wa Indonesia ulipolipuka mwaka 1883, vumbi lake liliizunguka dunia likitoka mashariki kwenda magharibi, na wataalamu wakaamini kwamba pepo za juu ya ikweta huvuma upande huo daima. Berson akakuta upepo wa magharibi. Kwa nusu karne majina mawili yalikaa vitabuni, pepo za Krakatau na pepo za Berson, na waandishi wakachora picha ngumu za kuzipatanisha. Jibu lilikuja mnamo mwaka 1960 na 1961: ni upepo mmoja unaogeuka, mashariki kisha magharibi, kwa mzunguko wa miezi ipatayo 28. Krakatau na Berson wote walisema kweli, ila kila mmoja alifika kwa zamu yake.

La pili lilikuwa baridi. Juu ya Ziwa Victoria, penye jua la utosi, joto liliendelea kushuka kupita kilomita 11 za Ulaya, likaendelea kushuka hadi karibu na kilomita 17 na zaidi, na vyombo vya Berson vikaandika zaidi ya nyuzi 80 za sentigredi chini ya sifuri. Mahali penye joto kuliko pote ardhini ndipo penye baridi kuliko pote katika kimo hicho. Mwaka 1908 hili lilikuwa jambo la kustaajabia tu. Maana yake kwa habari za gesi haba ilifahamika mwaka 1949, Mwingereza Alan Brewer alipoeleza kwa nini stratosfia juu ya Uingereza ni kavu kiasi kile. Alisema kwamba hewa haiwezi kukauka namna hiyo isipokuwa imepitia mahali penye baridi kali mno, na mahali pa namna hiyo ni pamoja tu: juu ya ikweta. Hewa huingia stratosfia kwa mlango wa tropiki, mvuke wake ukageuka barafu mlangoni na kubaki nje, kisha husambaa kaskazini na kusini. Ndiyo maana mvuke wa maji, ambao hapa pwani unatulowesha mashati, huko juu ni sehemu 3 hadi 5 tu katika milioni. Mvuke ni gesi haba huko, na umefanywa haba na baridi ile ambayo Berson aliiandika juu ya ziwa letu.

Kuupima mvuke huo nako si kazi ndogo. Chombo kinachotumika ni kioo kidogo kinachopozwa mpaka utando mwembamba wa barafu uanze kushika juu yake. Joto la kioo wakati huo ndilo linaloonyesha kiasi cha mvuke. Lakini ngozi ya puto na kamba zake hutoka chini zikiwa na unyevu, nao humwaga unyevu huo njiani. Kwa hiyo wapimaji hupenda vipimo vya wakati wa kushuka, pale chombo kinapoitangulia hewa safi na puto likiwa juu yake. Hapa tungependa kutoa angalizo juu ya jina. Kamusi zetu zinakiita kipimahewa kile chombo cha kupimia kanieneo ya hewa. Jina hilo limeshika, wala hatutaki kulibomoa. Lakini lisitumike kwa vyombo vinavyopima kilichomo ndani ya hewa, kwani kanieneo ni kitu kimoja na mchanganyiko ni kitu kingine. Kwa vyombo hivi tuseme kinachopimwa: kipimaozoni, kipimamvuke.

Ozoni ndiyo iliyopimwa zaidi kuliko zote. Mkemia Christian Friedrich Schönbein wa Basel aliipa jina hilo mnamo 1840 kutokana na neno la Kigiriki la kunuka, kwa kuwa aliitambua kwa harufu yake karibu na cheche za umeme. Mwaka 1881 Walter Hartley wa Uingereza alionyesha kwamba inazuia mionzi mikali ya jua, na Wafaransa Fabry na Buisson wakapima kwa mwanga kiasi chake chote kilicho juu yetu. Kikikusanywa chote na kushushwa hadi usawa wa bahari, unene wake ungekuwa milimita 3 hivi. Hayo ndiyo "tabaka la ozoni" la magazetini. Si tabaka kwa maana ya blanketi au paa. Ni gesi iliyotawanyika katika makumi ya kilomita, na hata pale ilipo nyingi zaidi haizidi sehemu 10 hivi katika milioni. Neno tabaka limekwisha kukubalika na tuliache, ila walimu wasichoke kulieleza.

Kwamba wingi huo uko kimo gani, watu walibishana. Wengine walikisia kilomita 40 au 50. Waliokata shauri ni baba na mwana, Erich na Victor Regener, ambao tarehe 31 Julai 1934 walirusha kutoka Stuttgart puto lililobeba kamera ya kupiga picha za mwanga wa jua uliochambuliwa. Kadiri puto lilivyopanda na kuiacha ozoni chini yake, ndivyo mionzi iliyokuwa ikizuiwa ilivyoanza kuonekana katika picha. Chombo kilifika kilomita 30 na ushei, na picha zikaonyesha kwamba ozoni nyingi iko kati ya kilomita 20 na 25 hivi.

Tangu miaka ya 1960 kazi hiyo hufanywa kwa chombo kidogo cha kemia kinachotoshea katika sanduku la povu. Brewer, ambaye tumekwisha kumtaja, alikuwa mmoja wa waliotengeneza cha mwanzo, na mwaka 1969 Walter Komhyr wa Marekani akatoa kile kinachotumika zaidi hadi sasa. Ndani yake mna vikombe viwili vyenye maji ya chumvi ya potasiamu aidodi, kimoja chenye chumvi nyingi kuliko kingine. Pampu ndogo huvuta hewa ya nje na kuipitisha katika kikombe kimojawapo. Ozoni hutoa aidini katika chumvi hiyo, na kila molekuli moja ya ozoni husababisha elektroni mbili kupita katika waya. Pima umeme, umepima ozoni. Redio huupeleka ujumbe chini. Puto hupanda kwa mwendo wa mita 5 hivi kwa sekunde, na baada ya saa moja na nusu au zaidi hupasuka katika kimo cha kilomita 30 na kitu. Tunakistahi chombo hiki kwa sababu mwalimu yeyote wa kemia wa kidato cha nne anaweza kukieleza chote kwa Kiswahili bila kukopa zaidi ya maneno manne.

Nairobi imekuwa ikivirusha vyombo hivi tangu mwaka 1996, katika kituo cha Dagoretti cha Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, kwa ushirikiano na Waswisi, kwa kawaida mara moja kwa wiki. Tangu 1998 vipimo hivyo vimekuwa sehemu ya mtandao wa vituo vya tropiki uitwao SHADOZ, ambao Malindi pia imewahi kuwamo. Watumishi wanaojaza puto asubuhi na kutia maji ya chumvi vikombeni wana Kiswahili chao cha kazi, na lingekuwa jambo la maana sana kama kamati ya istilahi ingekwenda kuwasikiliza kabla ya kuketi mezani kuunda maneno.

Tumefika sasa kwenye sehemu ambayo ilizigeuza gesi haba kuwa jambo la serikali. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland, wakiwa California, waliandika kwamba gesi za kloroflorokaboni, zile ambazo mafundi wa friji walikuwa wakizijaza kila siku, haziozi hapa chini, bali hupanda hadi stratosfia, huvunjwa huko na mionzi ya jua, na klorini yake huila ozoni. James Lovelock alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba gesi hizo zimo hewani hata katikati ya bahari. Lakini mpaka hapo hoja ya Molina na Rowland ilikuwa ya karatasi na kalamu. Wenye viwanda waliuliza: nani ameziona huko juu?

Jibu lilitolewa na maputo. Mwaka 1975 makundi mawili ya wataalamu wa Marekani yalipandisha vyombo vya chuma cha pua hadi stratosfia na kuchota hewa katika vimo mbalimbali. Njia moja ilikuwa ile ile ya Gay-Lussac, chombo kitupu kinachofunguliwa na kufungwa. Nyingine iliigandisha hewa kwa baridi kali mno. Safari hii jicho lilikuwapo: kitambuzi ambacho Lovelock alikibuni mwaka 1957, chenye kuhisi gesi hizo hata zikiwa chache kupita kiasi. Ikaonekana kwamba kloroflorokaboni zimo huko juu, na kwamba hupungua haraka kadiri mtu anavyopanda, kwa kiasi kilichokaribiana na hesabu. Zilikuwa zikivunjwa pale pale zilipotabiriwa kuvunjwa.

Ilibaki klorini yenyewe. James Anderson alitengeneza chombo ambacho hakikupima kikiwa kimening'inia. Kilipandishwa na puto hadi zaidi ya kilomita 40, kikaachiwa, kikashuka kwa parachuti huku hewa ikipita kwa kasi ndani yake bila kugusa kuta. Kwa safari zilizoanza Julai 1976 kutoka Palestine, Texas, aliiona klorini huru pamoja na klorini monoksaidi, ambayo ni alama ya ozoni kuliwa.

Hapa tuwaombe radhi wasomaji tuseme jambo la tarakimu, kwa sababu ndilo lililotusumbua zaidi katika tafsiri za nyaraka za miaka hiyo. Vipimo vya 1975 vimeandikwa kwa sehemu katika bilioni na katika trilioni. Neno bilioni kwa Wamarekani ni milioni elfu moja. Kwa Waingereza wa zamani lilikuwa milioni mara milioni, na serikali yao haikuacha hesabu hiyo rasmi ila mwaka 1974. Kwa Wafaransa na Wajerumani ni hivyo hata leo. Basi mtumishi anayetafsiri taarifa tatu za mwaka mmoja kutoka lugha tatu anaweza kuandika neno lile lile kwa viwango vinavyotofautiana mara elfu moja. Si kosa la herufi hilo. Katika mambo ya gesi haba ndilo linalotenganisha hewa safi na hewa iliyoharibika. Rai yetu ni kwamba katika hati yoyote ya sheria au mafunzo tarakimu iandikwe kwa sifuri zake angalau mara moja, yaani sehemu 1 katika 1,000,000,000, ndipo neno lifuate.

Mwaka 1985 Joe Farman na wenziwe wawili walitoa vipimo vya kituo cha Halley, Antaktiki, vikionyesha kwamba ozoni ya mwezi wa Oktoba ilikuwa imeshuka kutoka vizio 300 hivi vya Dobson hadi karibu 200. Mjapani Shigeru Chubachi alikwisha kuona upungufu wa namna hiyo mwaka 1982 katika kituo cha Syowa, kwa vipimo vya mwanga na vya puto, lakini habari yake haikusikika sana. Vyombo vya Farman vilikuwa ardhini. Viliweza kusema ni kiasi gani kimepotea, si kutoka wapi. Mwaka uliofuata David Hofmann alirusha maputo mfululizo kutoka McMurdo, huko huko Antaktiki, na mchoro wake ukaonyesha kwamba ozoni ilikuwa ikifutika kati ya kilomita 12 na 20, huku juu na chini ya hapo ikiwa imebaki.

Magazeti ya dunia yaliliita jambo hilo kwa neno lenye maana ya tundu, nasi tukalifuata. Tunalijutia kidogo. Tundu kwa Mswahili ni penye upande huu na upande wa pili: tundu la sindano, tundu la pua, tundu la paa linalovuja. Tumeulizwa na mwalimu mmoja, kwa niaba ya wanafunzi wake, kama hewa haiwezi kutoka kwa tundu hilo ikaisha. Huko Antaktiki hapakutobolewa kitu. Gesi haba ilizidi kuwa haba kwa majira fulani ya mwaka. Katika maandishi ya kawaida "tundu la ozoni" haling'oki tena. Katika vitabu vya shule na hati za serikali twapendekeza "upungufu wa ozoni wa Antaktiki", na atakaye aongeze tundu kama jina la mazoea.

Mkataba wa Montreal ulitiwa sahihi tarehe 16 Septemba 1987, siku ambayo kwa sadfa tu ni ile ile aliyopaa Gay-Lussac. Nyongeza yake ya mwaka 2016 ilikubaliwa Kigali, na inahusu gesi zilizochukua nafasi ya kloroflorokaboni. Hizo haziili ozoni, bali hulipasha dunia joto. Watumishi wanaofasiri hati hizi wanakuta maneno "hewa ukaa" yametumika mara kwa kaboni dayoksaidi peke yake, mara kwa gesi zote za joto kwa jumla, methani ikiwamo. Hili nalo linahitaji kukatwa. Sisi tungeliacha "hewa ukaa" liwe jina la kaboni dayoksaidi tu katika lugha ya kila siku, na neno hewa lisipewe gesi nyingine yoyote, maana hewa ni ule mchanganyiko mzima.

Chombo kipya zaidi tulichokisoma habari zake ni bomba refu jembamba la chuma cha pua lililokunjwa mviringo, lililobuniwa na Pieter Tans wa Marekani. Ncha yake moja iko wazi. Puto likipanda, hewa ya ndani humwagika yenyewe kwa kuwa kanieneo ya nje inapungua. Likishuka, hewa ya kila kimo huingia na kuisukuma mbele ile iliyotangulia, mpaka bomba lote linajaa hewa ya kimo hadi kimo, kwa mpangilio. Halina pampu wala mota. Nalo, kama vile vyombo vya Trappes, sharti likaokotwe shambani lilikoanguka, na liokotwe upesi, kabla hewa zake hazijachanganyika. Kwa Kiswahili bado halina jina. Tumefikiria "bomba la vimo", na tutafurahi kupata barua za wasomaji wenye neno lililo bora.